Nafasi Tatu kwa Wasio na Wake

Foleni ilianzia kwenye mlango wa nyuma wa magazini, ikapita ukuta wote wa uani, ikakunja kona na kuteremka barabara karibu mpaka ziwani. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikidhani nimewahi. Mbele yangu kulikuwa na watu wa kutosha kujaza kanisa, na wote walikuwa wamefua mashati. Nafasi zenyewe zilikuwa tatu.

Magazini ndilo jina tulilolipa duka kubwa la Bukavu, mali ya kampuni iliyokuwa na maduka kama hilo Usumbura, Uvira, Goma, Kindu na miji mingine ambayo sikuwahi kuiona. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele wenye vioo, wakanunua siagi ya kopo na mvinyo. Sisi weusi tulinunua upande wa nyuma, kwenye kaunta ndefu ya mbao: chumvi, sabuni, vitambaa, taa za mafuta, na baiskeli kwa aliyebarikiwa. Kaunta hiyo ndiyo iliyotaka wauzaji wapya. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wakati ule hatukujua kwamba ni ya mwisho, na mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Vijana wa leo huniambia kwamba zamani kazi zilikuwa zinaokotwa njiani. Ziliokotwa na nani? Machimbo ya dhahabu ya Mwenga na Shabunda yalikuwa yanapunguza watu, nao walishuka mjini na mablanketi yao begani, wanaume wenye mikono mipana wanaotafuta hata kazi ya kupima kitambaa. Kulikuwa na waliofukuzwa seminari wenye Kifaransa kizuri na viatu vibovu. Kulikuwa na sisi wengine, wa darasa la sita, wenye Kifaransa kibovu na bila viatu. Mshahara wa muuzaji mpya ulikuwa chini ya wa dereva na juu kidogo tu ya wa mkata majani, na bado tulisukumana.

Tulisukumana kwa ajili ya posho ya kila Jumamosi, unga, maharagwe, chumvi na samaki mkavu. Zaidi ya posho tulisukumana kwa ajili ya muhuri. Mwajiri akikupigia muhuri kwenye kitabu chako cha kazi, ofisi ya mji inakuachia uishi Bukavu. Bila muhuri unapewa siku chache, kisha unapakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini kwenu. Siku zangu zilikuwa zimebaki kumi na moja. Niliogopa lori lile kuliko ninavyoogopa kifo sasa, ingawa kifo nacho sikipendi. Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nisome kwa mapadri, na sikuweza kujiona nikishuka mbele ya uzio wake nikiwa na kikapu mkononi.

Karani mkuu alikaa uani kwenye meza ndogo. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwembamba, mwenye miwani na kofia aliyoivua mbele ya Wazungu tu. Kabla ya kukuuliza kama unajua kusoma, alikuuliza jambo moja.

"Uko na bibi?"

"Niko naye, papa," alisema mtu wa tano mbele yangu. "Na batoto tatu."

"Aksanti. Simama kule."

Mwanzoni niliwaonea wivu waliotumwa kule. Nilidhani wamechaguliwa. Kisha nikaona kwamba kule kulikuwa na askari, na askari aliwaonyesha geti. Wasiokuwa na wake waliketishwa kwenye benchi kivulini. Mchimbaji mmoja aliyeonyeshwa geti alirudi akipita kando ya foleni yetu, akisema kwa sauti makusudi:

"Mwenye bibi iko na bei, bandugu! Bibi moja ni posho ya pili, mutoto moja ni nusu posho. Banatafuta mutu mwenye kula peke yake!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa ninahesabu vichwa vilivyobaki mbele yangu. Alisema kweli. Kampuni ililazimika kumlisha mke na watoto wa mfanyakazi, kwa hiyo mtu asiyeoa alifanya kazi ileile kwa gharama karibu nusu. Watu wanaotaka kazi wakiwa wamejaa barabara nzima, nani atanunua mzima wakati nusu ipo?

Mke wangu alikuwa mtaani Kadutu wakati huo, katika chumba chetu cha kupanga, mimba yake ikiwa na miezi minne. Tulikuwa tumefunga ndoa misheni, upande wa Katana, kwa kengele na kwa wimbo. Lakini katika kitabu changu cha kazi hakukuwa na mke. Ili aandikwe ilibidi nipeleke karatasi ya padri kwenye ofisi ya mji na kukaa huko siku mbili nikisubiri kuitwa, na mimi ofisi nilizikimbia tangu utoto. Karatasi ilibaki misheni. Uvivu huo uliniokoa au uliniponza, mpaka leo sijaamua.

"Uko na bibi?"

"Sina, papa."

Alifunua kitabu changu, akatazama, akafunga. Aliniambia niende kwenye benchi.

Kufikia saa tano nilikuwa nimeshasoma kwa sauti maandishi ya boksi la sabuni, nimepima mita nne za kitambaa bila kukosea, na nimepigiwa muhuri. Karani mkuu alitusimamisha sisi watatu tuliobaki, akavua miwani, akaifuta.

"Mutu mwenye anadanganya hapa," alisema, "mi ninaandika mu kitabu yake na wino mwekundu. Na kitabu yenye wino mwekundu, hata Kindu batakukatala. Munasikia?"

Tulisema tunasikia.

Mke wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka kabla ya kufikiri, na hilo ndilo nililompendea kwanza.

"Petro alikana mara tatu," alisema. "Weye mara moja tu. Basi uko na bahati."

Kisha akaweka mkono tumboni, na kicheko kikakatika. Aliniuliza tutafanyaje na huyu atakayekuja. Nilisema tutaona. Jioni hiyo tulikubaliana mambo mawili. Mtu yeyote wa magazini akitukuta, yeye ni dada yangu, mtoto wa baba yangu, aliyekuja mjini kunipikia. Na mtoto akishazaliwa, hataonekana. Majirani wa Kadutu walijua ukweli, ila majirani hawakuwa na shida. Nusu ya watu wa uani kwetu walikuwa wanaficha mtu au kitu.

Nilimfundisha kama mapadri walivyonifundisha katekisimu. Ninauliza, anajibu.

"Huyu iko nani kwako?"

"Ni kaka yangu, bwana."

"Uko na bwana?"

"Hapana. Nakaa na kaka yangu."

Siku za kwanza alikosea, akasema kaka huku akitabasamu jinsi mwanamke asivyomtabasamia kaka yake. Nilimkaripia. Sasa ninaona aibu jinsi nilivyomkaripia, mwanamke mwenye mimba, kwa kosa la kunitabasamia. Aliona ninavyotetemeka, akaacha kutabasamu, na baada ya wiki mbili alijibu bila kupepesa jicho.

Posho ya mtu mmoja tulikula wawili, kisha wawili na nusu. Mshahara ulikuwa wa kuambiwa umepata, si wa kuuona. Hilo ningeweza kulivumilia, maana mwenye njaa hana miiko. Lililonishinda lilikuwa hofu, na hofu haina Jumapili. Karani mkuu akiniita kwa mbali, "Weye, kuya hapa," mwili wangu ulipoa kuanzia vidoleni. Aliniitia mambo madogo tu, kushusha gunia au kufuta vumbi kwenye taa. Nilifika kwake nikiwa nimeshajihukumu, nikapewa kitambaa cha kufutia vumbi. Mara nyingine nilitamani anikamate siku hiyohiyo, ili niache kungoja.

Hakuwa mtu mbaya. Aliishi mtaa wa Bagira, katika nyumba mpya za matofali, akateremka kila asubuhi kwa baiskeli, suruali amebana na kamba miguuni. Nilimwona siku moja akiwa ameitwa na mkubwa wa magazini, Mbelgiji mmoja mnene asiyepiga kelele. Alisimama mbele yake kofia mkononi, na ile kofia ilikuwa inatetemeka. Ningemhurumia kama ningekuwa na nafasi ya huruma. Sikuwa nayo, nilikuwa nimeshajaa hofu yangu mwenyewe.

Mimba ilipofika miezi minane nilimpeleka mke wangu kwenye lori la Katana, arudi kwa mama yake. Kwetu si ajabu binti kwenda kuzalia kwao mtoto wa kwanza, na hospitali ya misheni ilikuwa karibu. Mama mkwe hakupenda kwamba sikumsindikiza. Nilimtumia neno kwamba kazi imebana. Ningeomba ruhusa kwa sababu gani? Mtu asiye na mke haendi kuona mke akijifungua.

Nilikaa wiki tano bila habari. Siku moja ya soko, kaunta imejaa, akaja mwanamke mmoja wa kwao anayeuza maharagwe, ambaye nilimwomba awe mjumbe wangu. Alijipenyeza mpaka mbele, akaomba chumvi ambayo hakuitaka, akainama.

"Dada yako amezaa," alisema. "Mutoto mwanamuke. Mama aliumia sana, banamupasua, lakini beko wazima."

Nilikuwa nimeshika mkasi, ninamkatia mteja mwingine kitambaa. Sikumbuki nilivyokata. Ninachokumbuka ni kwamba yule mteja alikunja kitambaa chake upesi na kuondoka bila kusema aksanti. Kumbe nilimwongezea karibu mita nzima, na yeye hakuwa mjinga wa kunikumbusha. Walimpasua mke wangu, na mimi nilikuwa ninauza chumvi. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kucheka, na usoni sikuruhusiwa kitu. Karani mkuu alikuja na kunitazama kwa karibu.

"Nini? Uko mugonjwa?"

"Tumbo, papa."

"Kunywa dawa. Na upime muzuri."

Nilipima vizuri mpaka saa kumi na moja. Binti yangu alibatizwa bila mimi, mjomba wake akasimama pale ambapo baba husimama, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa na miezi miwili, aliposhushwa kwenye lori kati ya vikapu vya mihogo. Alinitazama kwa ukali. Alikuwa na haki.

Kuficha mimba ni rahisi kuliko kuficha mtoto. Mtoto wetu alikuwa na sauti ya muuza maji. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akipanga chumba cha tatu kutoka chetu, alikubali kumchukua kila tulipoona mgeni akipinda kwenye njia yetu. Tulikuwa na alama: mke wangu anagonga sahani ya bati mara mbili, yule mama anakuja, anambeba, anaondoka. Ilifika wakati tukawa tunagonga sahani hata kwa mgeni wa watu wengine. Binti yangu alizoea, akawa anainua mikono mwenyewe akisikia bati.

Jumapili moja baada ya misa aliyepinda kwenye njia yetu alikuwa karani mkuu mwenyewe. Alikuwa anasukuma baiskeli, na kofia yake ilikuwa kichwani. Mke wangu aligonga sahani hata kabla sijainuka kitini. Yule mama alipita mlango wa nyuma, karani akaingia mlango wa mbele, na kati yao hapakuwa na hatua kumi. Nilimkaribisha kwa sauti ambayo sikuitambua. Alisema alikuwa anapita tu, akaona aje aone ninavyoishi.

Kwenye kamba ya nguo, juu ya kichwa chake, kulikuwa na kitambaa kidogo cha mtoto.

Nilikiona mimi, na mke wangu alikiona. Alisimama, akakivuta polepole, akafutia nacho meza, akaenda kuleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akamtilia karani akiwa amepiga magoti, kama dada aliyelelewa vizuri.

"Huyu nani?" aliniuliza karani, lakini mke wangu alijibu kabla yangu.

"Ni kaka yangu, papa. Mi ninamupikia tu."

"Beko na heshima, bantu ba kwenu," alisema karani. Alikunywa mbili, akasifu pombe, akaondoka. Tulibaki tumekaa sakafuni. Mke wangu alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kilemba, na chozi lilikuwa linamtoka jicho moja tu. Nilimwambia amefanya vizuri sana. Nilimwambia yeye ndiye anayenishikia kazi, maneno ya kweli kabisa, na ninayajutia.

Hivyo tukaishi. Mwaka uliofuata mambo ya mji yalianza kubadilika. Wazungu wengine walikuwa wanapeleka masanduku Kamembe, kwenye uwanja wa ndege. Mlango wa mbele wa magazini ulikaa kimya siku nzima, na upande wetu watu walikuja kushika vitambaa bila kununua. Tulisikia kwamba duka la Uvira limepunguza watu. Tulisikia na la Kindu. Kila mmoja wetu alianza kufuta vumbi kwa bidii ya ajabu.

Asubuhi moja, kama saa nne, karani mkuu alitukusanya uani, mahali palepale alipokuwa ameweka meza yake siku ya foleni. Mkubwa wa magazini alisimama nyuma yake mikono mfukoni. Barua imekuja kutoka kwa wakubwa wa kampuni, alisema karani, lazima watu wapunguzwe. Majina yataondoka leo alasiri kwa barua ya ndege. Alisafisha koo.

"Bazungu banasema, wenye beko na bibi na batoto babakie, juu ya huruma. Wenye hawana, baende."

Ningependa kuandika kwamba niliona haki ya Mungu au kichekesho cha shetani. Sikuona kitu. Masikio yangu yaliziba. Walioajiriwa kwa sababu hawana wake ndio waliokuwa wanaondoka kwa sababu hawana wake, na karani alisoma majina yetu kwa sauti ya mtu anayesoma boksi la sabuni. Jina langu lilikuwa la pili.

Wenzangu wawili waliinamisha vichwa. Mimi, ambaye sikuwahi kufungua mdomo mbele ya Mzungu, nilisikia mtu anasema kwa nguvu, "Mi niko na bibi! Niko na mutoto!" Mtu huyo alikuwa mimi. Karani aligeuka kama nimemtukana mama yake.

"Bibi gani?"

"Ule mwenye uliona kwangu, papa. Si dada. Ni bibi yangu, tulioana misheni. Nilidanganya. Nilidanganya juu ya kupata kazi."

Nilikuwa nimesema. Nilitegemea mbingu zianguke, na hazikuanguka. Mkubwa alimuuliza karani kwa Kifaransa ninasema nini. Karani alimweleza, na nilielewa vya kutosha: kwamba huyu sasa anajitafutia mke ili abaki, kwamba wengine wawili kesho nao watapata wake. Mkubwa aliuliza karatasi ya ndoa iko wapi. Iko misheni, Katana. Barua ya ndege inaondoka saa tisa. Nikaona wazi kwamba nimefika mwisho, na nikaanza kulia bila haya, mtu mzima, kati ya magunia ya chumvi.

Mkubwa alitazama saa yake. Labda alinihurumia, labda alitaka kumaliza. Alisema yule mwanamke aletwe aulizwe. Nilishageuka nikimbie Kadutu, karani akanishika mkono.

"Weye bakia hapa. Ukienda utamufundisha cha kusema."

Walimtuma tarishi kwa baiskeli. Nilimwambia tarishi, tafadhali, ndugu yangu, mwambie aje na mtoto. Karani alisema tarishi hatasema kitu, ataleta mwanamke tu. Nikawekwa kwenye benchi, lile la kivulini, na kwa karibu saa nzima nikafanya kile nilichokuwa nimekifanya miaka miwili, nikaogopa. Lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na tumaini. Atakuja na mtoto mgongoni, niliwaza. Mtoto ana pua yangu. Watamwona.

Aliingia getini nyuma ya tarishi, anahema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Mgongoni hapakuwa na kitu.

Nilielewa papo hapo. Tarishi wa magazini alipopinda kwenye njia yetu, sahani ilikuwa imegongwa. Mke wangu aliona uani pale magunia, Mzungu, karani, na mimi kwenye benchi macho mekundu, na akajua siku tuliyoiogopa imefika. Wamenikamata. Wananitaka wanifunge, wanipakie lori, waandike kwa wino mwekundu, na kati yangu na hayo yote kuna yeye peke yake. Nilimtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo. Nilitikisa kichwa. Aliyaona macho yangu, akaona hofu iliyojaa ndani, na hakuwa na njia ya kujua kwamba leo hofu imebadili upande.

Mkubwa alininyooshea kidole.

"Mama, huyu nani?"

"Ni kaka yangu, bwana."

Hakupepesa jicho. Karani alisogea.

"Sema kweli mbele ya Mungu. Haiko bwana yako?"

"Hapana, papa. Weye mwenyewe ulifika kwetu. Mi ninamupikia tu, niko mutoto wa baba yake."

"Na mutoto? Hauna mutoto?"

Hapo alimeza mate. Nilifungua mdomo, na karani akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Sina mutoto," alisema mke wangu.

Mkubwa aliinua mabega, akarudi ndani. Karani alikuja mpaka kwenye benchi, akainama sikioni mwangu, na hakuwa na hasira kama nilivyotegemea. Alisema anaweza kuandika kwenye kitabu changu kwamba kazi imepungua, wino wa kawaida, na nitafute pengine. Au nikiendelea kupiga kelele, anaweza kuandika kwamba nilileta mwanamke wa uongo ili niibe posho, na yule mwanamke naye apelekwe polisi kwa kudanganya. Nichague. Alisema hivyo akitazama kuelekea mlango aliopitia mkubwa, na nikaona kwamba alikuwa ameshaujua ukweli. Alikuwa amemsikia mke wangu akimeza mate. Lakini majina yalikuwa yameshapigwa chapa, na ambaye angelazimika kumrudia Mzungu na kumwambia tumekosea hakuwa mimi, alikuwa yeye.

Nilichagua wino wa kawaida. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka miwili, na nikaimaliza kwa kunyamaza.

Saa sita ililia. Saa sita magazini ilifungwa hadi saa nane, wote wakatoka, kwa hiyo mke wangu hakushangaa nilipochukua kofia yangu na kutoka naye. Kitabu, chenye maneno kwamba kazi imepungua, kilikuwa mfukoni mwangu. Tulipanda barabara ya Kadutu, yeye mbele kidogo, kwa sababu dada haongozani bega kwa bega na kaka karibu na watu wa kazini. Tulipopita kona ya mwisho, ambapo magazini haionekani tena, alisimama akageuka. Miguu yake ilikuwa inatetemeka mpaka kitenge kilikuwa kinacheza, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Umeona?" alisema. "Sikutetemeka hata kidogo. Nilijibu muzuri?"

Nilimwambia amejibu vizuri. Akanishika mkono, pale barabarani, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu nipate kazi, na tukaenda kumchukua mtoto kwa jirani.